Kipande cha kiwele cha mbuzi: uliza kwanza kama kilikamuliwa

Kipande cha kiwele kutoka machinjioni Nzega au Igunga hakisomeki vizuri kwenye darubini usipojua mambo mawili: mnyama alikuwa ananyonyesha au alishakauka maziwa, na kiwele kilikuwa kimejaa au kimetoka kukamuliwa. Yaandike kwa penseli kwenye karatasi uitie ndani ya chupa ya kipande hicho. Wino hufutika kwenye spiriti.

Siri iko kwenye alveoli, vile vifuko vinavyotengeneza maziwa. Ukuta wake una safu moja tu ya seli za maziwa. Kifuko kikijaa, seli hizo huvutwa mpaka zikawa bapa. Maziwa yakitoka, husimama ndefu na ukuta hujikunja. Wengi wakiona seli bapa huandika kwamba kiwele kimesinyaa, kumbe kimejaa! Kiwele kilichokauka kweli kina vifuko vichache na vidogo, na tishu unganishi (nyama inayoshikilia vifuko pamoja) katikati yake imenenepa. Nje ya seli za maziwa kuna seli za mayoepitheli, zenye mikono myembamba inayokumbatia kifuko. Oksitosini, homoni ya kuteremsha maziwa, ikifika, seli hizi hujikaza na kusukuma maziwa kwenye mirija. Kwenye slaidi iliyotiwa rangi za kawaida, himatoksilini na eosini, utaona viini vyake vyembamba tu, vimelala pembezoni.

Kata kipande chenye unene usiozidi milimita 5, ukitumbukize papo hapo kwenye formalini (dawa ya kuzuia kuoza) ya asilimia 10 yenye bafa ya kuzuia uasidi, ujazo wake mara 10 ya kipande, kikae saa 24 hadi 48. Joto la Tabora mwezi wa kumi halisubiri: seli zikichelewa hubanduka ukutani, na msomaji wa slaidi hudhani ni ugonjwa. Kipande kinene ndicho hasara kubwa zaidi, maana nje hukauka kikawa kigumu huku katikati kinaoza. Matundu meupe ya mviringo ndani ya seli yasikutishe. Hapo palikuwa na mafuta, zailini, kimiminika cha kuandalia slaidi, imeyayeyusha.

Mbuzi ana jambo lake, na linawaumiza wafugaji. Seli zake za maziwa hukatika ncha na kutoka pamoja na maziwa, vipande visivyo na kiini lakini vyenye ukubwa unaokaribia ule wa seli nyeupe za damu. Kondoo naye anavyo, ila vichache. Mashine ya kuhesabu seli isiyotambua DNA, ile iliyomo kwenye kiini, huvijumlisha vyote, na mbuzi mzima huambiwa ana ugonjwa wa kiwele, akachomwa dawa bure. Ukihesabu kwa darubini, paka slaidi kwa rangi za pironini Y na methili ya kijani, kisha hesabu zile zenye kiini tu.