Bundi hadi Chittorgarh: Safari ya Ngome na Visima vya Ngazi

Wageni wengi wa Rajasthan, jimbo la India, huzunguka Jaipur, Jodhpur na Udaipur, basi. Mimi nilishika njia ya kusini-mashariki, Bundi kwanza kisha Chittorgarh. Huko bado unaweza kuona kwa miguu jinsi watawala wa Kirajput, koo za wapiganaji zilizotawala eneo hili, walivyoupanga mji: ngome kileleni, kasri ubavuni mwa mlima, makazi bondeni, na maji kila mahali. Ngome iliyozingirwa haikushindwa na mizinga peke yake. Maji na chakula vikiisha, milango hufunguliwa. Kwa hiyo ukifika mji wa aina hii, anza kwa kuuliza maji yalikaa wapi. Mengine yote yatajieleza.

Mlango wa kuingilia ni mji wa Kota, ulio kwenye reli kuu ya Delhi na Mumbai. Kutoka Kota basi huchukua kama saa moja kufika Bundi, kilomita 40 hivi. Bundi ina stesheni yake kwenye reli ya kwenda Chittorgarh, ila treni ni chache na nyingine hupita usiku wa manane, hivyo angalia saa kabla ya kulipia malazi. Tiketi za treni za masafa marefu huanza kuuzwa siku 60 kabla ya safari na huisha haraka. Tiketi yako ikionyesha WL, bado uko kwenye foleni na huna nafasi. Ikionyesha RAC, unaruhusiwa kupanda, lakini utakaa na mwenzako kwenye kitanda kimoja. Anayetokea Kenya au Uganda asisahau kadi ya homa ya manjano, chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Bila kadi hiyo unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Nenda kati ya Oktoba na Machi. Mwezi wa Mei joto hupita nyuzi 40, na mawe ya kasri huendelea kutoa joto hata jua likizama. Wakati wa mvua, Julai hadi Septemba, mabwawa hujaa na milima hupendeza, lakini njia ya ngomeni huzibwa na vichaka na mawe huteleza vibaya.

Bundi ilikuwa ya Wahada, tawi la ukoo wa Kirajput wa Chauhan, waliolishika bonde hili tangu karne ya 14. Kasri lao linaonekana kutoka karibu kila uchochoro wa mji wa kale, limebandikwa kwenye jabali chini ya ngome ya Taragarh. Unalifikia kwa barabara pana ya mawe inayopanda kwa ukali. Ukali huo una faida yake vitani: ndovu wa adui hapati uwanja wa kukimbia ili agonge lango kwa kasi. Mawe yamesuguliwa na miguu ya karne nyingi yakawa laini, kwa hiyo vaa viatu vya soli inayoshika. Kandambili ziache chumbani.

Juu ya barabara ndipo penye Hathi Pol, lango la ndovu wawili wa mawe waliokutanisha mikonga, kazi ya zama za Rao (cheo cha mtawala wa Bundi) Ratan Singh, mwanzoni mwa karne ya 17. Ndani, kasri si jengo moja. Kila mtawala aliongeza sehemu yake, ndiyo maana ngazi ni nyembamba, zinapinda, na mara unajikuta ua usioutarajia. Chhatra Mahal ni ya mwaka 1644. Humo kuna nguzo zilizobeba ndovu weusi wa mawe vichwani. Maelezo ya maandishi ni haba. Ukichukua mwongozaji, kubalianeni bei na vyumba mtakavyoingia kabla hamjaanza, kwa sababu Phool Mahal na Badal Mahal, penye michoro mizuri sana, havifunguliwi kwa kila mtu kila wakati. Bebeni noti ndogo, na tochi. Vyumba vilivyofungwa muda mrefu vina popo, na harufu yake ni kali.

Pa kukaa muda mrefu ni Chitrashala, juu kidogo, iliyojengwa enzi za Rao Umed Singh katika karne ya 18. Kuta zote za ukumbi wake zimejaa picha juu ya lipu ya chokaa: mungu Krishna na wachunga ng'ombe wa kike, maandamano ya kifalme, wanawake wa kasri barazani, mapigano. Rangi inayotawala ni ile kati ya kijani na buluu ambayo wachoraji wa Bundi walijulikana nayo. Nenda asubuhi, mwanga ukiwa laini. Usitumie taa ya kamera wala usiguse ukuta. Unyevu hupanda ndani ya lipu, chumvi hujitokeza na kuisukuma rangi nje, kwa hiyo tabaka la juu liko legelege na mguso mmoja unatosha kulibandua. Kuna watu waliochora majina yao humo kwa msumari, na inauma kuona, kwa sababu kilichokwanguliwa hapo hakirudi.

Taragarh inasemwa ilijengwa mwaka 1354. Kutoka Chitrashala ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu asiye na haraka. Chukua fimbo, kwani nyani ni wengi na huwa wakorofi zaidi mapema asubuhi na jioni. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa, na usiwakazie macho. Kila mtu abebe lita 2 za maji. Juu hakuna duka. Kuna mabirika makubwa yaliyochongwa ndani ya mwamba, mengine bado yana maji; ndiyo yaliyowaweka askari hai. Hayana uzio, na majani huficha ukingo wake, basi watoto washikwe mkono.

Ukiwa kileleni unaona mfumo mzima: chini yako bwawa la Nawal Sagar, lenye hekalu la Varuna, mungu wa maji, lililozama nusu, na mjini visima vya ngazi. Kikubwa ni Raniji ki Baori, kilichojengwa mwaka 1699 kwa amri ya malkia Nathavati, chenye kina cha mita 46. Hakikuwa kisima cha kuchota tu. Ngazi zake zinashuka hadi maji yalipo, yawe juu au chini kulingana na msimu, na ndani kivuli kinapunguza joto. Tazama ndovu waliochongwa juu ya nguzo, mikonga imepinda kuelekea nje. Ukielekea Kota, pitia mnara wa kumbukumbu wa nguzo 84, ambao Rao Anirudh alimjengea ndugu yake wa kunyonya, Deva, mwaka 1683.

Mjini kula kachori. Si ile ya viazi ya Mombasa na Zanzibar. Hii imejazwa choroko nyeusi zilizosagwa na mvuje mwingi, nayo hushibisha kama mlo.

Chittorgarh ni jambo la ukubwa mwingine. Mlima wake umeinuka mita 180, na eneo lililo ndani ya kuta linakaribia hekta 280, kwa hiyo kodi bajaji kutoka stesheni, mkubaliane bei ya kusubiri saa 3 au 4. Barabara hupanda kwa kona kali kupitia malango 7. Mwambie dereva akushushe lango la kwanza, Padan Pol, utembee angalau sehemu, maana ndani ya gari hutaona jinsi kila kona inavyomweka mshambuliaji chini ya ukuta wa walinzi. Hata hivyo ngome ilianguka mara 3: kwa Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, mwaka 1303, Bahadur Shah, sultani wa Gujarat, 1535, na Akbar, mfalme wa Wamughal, 1568.

Mnara wa ushindi wa Rana Kumbha, mtawala wa Chittorgarh, wa mwaka 1448, una urefu wa mita 37. Kutoka hapo shuka Gaumukh, birika linalolishwa na chemchemi inayotoka mdomoni mwa ng'ombe wa jiwe. Ngazi zake huwa na maji na ukungu wa kuvu. Teremka kwa kushika ukuta. Watu bado wanaishi ndani ya ngome, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha milangoni mwao.

Mwenye nafasi zaidi aendelee kwa treni hadi Udaipur, kisha kwa gari kama kilomita 85 hadi ngome ya Kumbhalgarh, yenye ukuta wa kilomita 36. Aondoke Udaipur asubuhi na mapema, barabara ya mlimani ni ya kona nyingi.