Vikombe vilivyofungwa kwa gazeti

Nimerudi Tanga baada ya miaka kumi na moja Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales. Juzi mama alikuwa anafungua vikombe nilivyovifunga kwa kurasa za Cambrian News, gazeti la kule. Hakuzitupa. Alizitandaza mkekani, akazinyoosha kwa kiganja, akauliza: "Mwanangu, huyu mzee na kondoo wake ni nani?"

Simjui, mama. Ni mfugaji aliyeshinda kwenye maonyesho ya kijijini kwao. Ila gazeti limemwandika jina kamili, na shamba lake pia. Hiyo ndiyo kazi lililoianza mwaka 1860: misiba, vikao vya halmashauri, mechi za vijana. Na halikuwa gazeti la kuogopa. John Gibson, aliyelihariri kuanzia 1873 hadi alipofariki 1915, alitetea waziwazi haki za wanawake.

Moyo wangu lakini umebaki kwenye papurau bro, magazeti ya mtaa ya Kiwelisi. La kwanza, Y Dinesydd, lilitoka Cardiff mwaka 1973, kisha yakaenea Wales nzima, yakiandikwa na watu wa kujitolea. Nami nilikuwa nakwenda kusaidia usiku wa kukunja magazeti. Meza ndefu, birika la chai, na bibi mmoja aliyekandamiza kila mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Kiwelisi changu kilikuwa cha salamu tu. Lakini mwezi niliofiwa na baba, nikiwa sina nauli ya kuja kumzika, walitoa rambirambi, na jina la baba likachapwa bila kukosewa hata herufi moja. Ukurasa ule nimekuja nao, haukufunga kikombe.

Na magazeti ya kule hayapotei. Maktaba ya Taifa ya Wales, ipo kilimani hapo hapo Aberystwyth, imeweka mtandaoni kurasa zaidi ya milioni moja za magazeti ya zamani, bure kwa yeyote.

Sisi nasi Tanga tulikuwa na gazeti la Kiongozi, tangu 1904. Leo msiba wa jirani unatangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Simu ikifa, na taarifa imekwenda nayo.

Nimenunua daftari la kaunta. Jana jioni barazani baba mdogo alinitajia waliochimba kisima cha mtaa wetu. Majina manane tumeyapata. La tisa, mama anasema tukamuulize shangazi, Chumbageni, kesho asubuhi kabla hajaenda sokoni.