Nilivyoangua mayai ya samaki wa utafiti wa uzee kwa maji baridi

Ukitaka kuchunguza uzee kwa panya, jiandae kusubiri miaka miwili, mitatu. Samaki niliowafuga mimi, Nothobranchius furzeri wa madimbwi ya msimu ya Zimbabwe na Msumbiji, hawakuweki hivyo. Ukoo wa GRZ, ambao asili yake ni hifadhi ya Gonarezhou nchini Zimbabwe, unazeeka mbele ya macho yako: ndani ya miezi mitatu minne rangi za dume zimefifia, mgongo umepinda, kuogelea kumekuwa kwa shida.

Kazi iko kwenye mayai. Dimbwi likikauka, mayai hubaki ardhini yakisubiri mvua, na yai moja linaweza kulala muda mrefu kuliko jirani yake. Mtu aliyebobea kwenye sato alinisisitizia niyatie kwenye maji ya vuguvugu, yote kwa pamoja. Tukafanya alivyotaka. Mengine yalikaa tu. Walioanguliwa, wengi walishindwa kujaza hewa kwenye kibofu cha kuelea, wakawa wanaburuza tumbo chini ya chombo mpaka wakafa. Ushauri ule bado unaniudhi, maana husemwa kwa kujiamini sana.

Kilichofanya kazi ni hiki. Mayai niliyalaza juu ya unga wa makumbi ya nazi wenye unyevu, nyuzi joto 28, nikawa nayakagua kwa hadubini. Sikugusa yai mpaka jicho la kiinitete liwe limeiva na kung'aa dhahabu. Hapo nikayaokota hayo tu, nikayatia kwenye maji yenye asidi ya hyumiki (itokanayo na mimea iliyooza) yaliyotoka kwenye friji, kina kifupi ili kifaranga aufikie uso wa maji bila taabu, nikaacha yapate joto taratibu. Walitoka karibu wote kwa mkupuo! Nilifurahi kupita kiasi, kwani kundi lililoanguliwa siku moja lina umri mmoja, na bila hilo grafu ya vifo haina maana.

Kopo la mayai ya atemia, vijidudu vya maji ya chumvi vya kulishia vifaranga, si rahisi, lakini usibane pesa hapo; vifaranga wanakula tangu siku ya kwanza. Mwaka 2017 watafiti wa Köln, Ujerumani, walionyesha kuwa samaki wa makamo wakipewa bakteria wa utumbo wa vijana huishi zaidi, kwa hiyo chakula na maji viwe sawa kwa wote. Madume watenge mapema, kila mmoja na tangi lake. Wanapigana, na aliyejeruhiwa akifa huwezi kujua kama ni uzee au ni vita.