Kangaga la vikonyo vyeusi haliogopi kivuli, linaogopa ukavu

Adiantum raddianum, lile kangaga la chunguni lenye vijani vyepesi na vikonyo vyeusi vinavyong'aa, asili yake ni Amerika Kusini. Hapa Uganda kuna ndugu zake wa porini, mmojawapo Adiantum poiretii wa misitu yenye unyevu. Huyo tafadhali mwacheni msituni.

Wengi husema linadeka. Kwangu mimi shida ni moja tu: maji. Mizizi yake ni nyuzi zilizokaa karibu na uso wa udongo, na vijani ni vyembamba mno kuweka akiba. Udongo ukikauka kabisa hata mara moja, majani hujikunja na kukauka, na hayo hayafufuki hata uyamwagie ndoo nzima. Ila usilitupe! Uhai umo kwenye rizomu, lile shina linalotambaa udongoni. Kata majani yaliyokauka ukibakiza sentimita 2 au 3, weka chungu kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Baada ya wiki chache yatatokeza machipukizi yaliyojiviringa.

Changanya sehemu 2 za mboji ya majani, 1 ya mchanga wa mto na 1 ya vipande vidogo vya mkaa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Rizomu ipandwe juujuu, kwani ikifukiwa sana huoza. Chungu cha plastiki chenye matundu hutunza unyevu kuliko cha udongo, jambo la maana sana kiangazi cha Desemba hadi Februari. Miezi hiyo gusa udongo kila asubuhi, na usiliache kangaga penye upepo.

Ukigeuza jani lililokomaa utaona kingo zimekunjwa kwa chini, zikifunika vidoa vya kahawia. Watu hukimbilia dawa, kumbe ndimo zilimo spora, yaani chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana kwazo. Wadudu magamba ni tofauti: hutapakaa ovyo kwenye vikonyo na hubanduka kwa ukucha. Waondoe kwa mswaki laini wenye maji, maana dawa za mafuta huweza kuunguza majani haya.

Kuligawa, ngoja mvua za Machi zianze. Kata rizomu kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na mizizi yake na majani yasiyopungua 3, kisha ukipande siku hiyohiyo kabla mizizi haijapigwa na hewa kavu.