Kiboksi chekundu saa kumi alfajiri

"Mama, hiyo migongano mliyokuwa mnaitupa, mlijuaje haina maana?" Binti yangu aliuliza jana huku akipiga mswaki. Nilimjibu harakaharaka, akaenda kulala. Mimi nikabaki nawaza zamu moja ya usiku, mwaka 2017.

Kwenye LHC, mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha protoni nilikofanya kazi, protoni hukutana kila baada ya nanosekunde 25, hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna namna ya kuihifadhi migongano yote. Triga, yaani mfumo wa elektroniki unaochagua papo hapo migongano ya kubakiza, katika ngazi yake ya kwanza ina maikrosekunde chache za kuamua, na sehemu ya muda huo huishia kwenye nyaya tu, ishara zikisafiri. Migongano inayopita haizidi takriban 100,000 kwa sekunde. Kazi yangu ilikuwa kuilinda triga yenyewe isidanganywe.

Saa kumi alfajiri, kiwango cha migongano ambayo triga iliona ina elektroni kilipanda ghafla. Nikafungua ramani ya kalorimita, kifaa kinachopima nishati ya chembe: samawati kila mahali, na kiboksi kimoja chekundu. Migongano haipendelei upande wowote kuzunguka bomba la protoni, kwa hiyo elektroni za kweli zingesambaa duara zima. Bafa, yaani kumbukumbu za muda za data, zikaanza kujaa, triga ikawa inasimamishwa mara kwa mara, na kila iliposimama migongano mizuri ilipita bila kusomwa.

"Tuizibe hiyo chaneli ya kiboksi chekundu, triga isiisikilize?" kiongozi wa zamu akauliza.

"Nipe dakika moja."

Nilitaka kwanza kutazama nafasi tupu za mzunguko, zile ambazo hazina protoni za kukutana. Humo hakuna mgongano unaoweza kuzaa elektroni. Grafu ikafunguka polepole, na kiboksi kilekile kilikuwa kinapiga vilevile, kwa nguvu ileile. Kelele ya umeme, basi.

"Izibeni," nikasema.

Kiwango kikashuka papo hapo. Wataalamu wakaja, wakatengeneza, chaneli ikarudishwa. Katika daftari la zamu niliandika saa ya kuziba na saa ya kufungua, ili wachambuzi waweze kulihesabu pengo hilo.

Pengo lililoandikwa naweza kulitetea mbele ya yeyote. Kinachonisumbua ni migongano iliyokataliwa na triga isiyo na hitilafu yoyote, kwa masharti tuliyoyaweka wenyewe tukitafuta tulichokwisha kukidhania. Ipo triga inayookota migongano bila kuchagua, ila huokota michache mno. Siku zote nimeona ingestahili kupewa nafasi kubwa zaidi, ingawa kila nafasi inayoongezewa hupunguzwa kwingine.