Bustani ya Spencer Gore

Alasiri moja ya mwezi Machi mwaka 2009, nilipokuwa mwanafunzi London, nilitoka katika jumba la sanaa la Tate Britain nikiwa nimenunua postikadi moja na kuazimia kwenda kuitafuta bustani iliyochorwa humo. Ilikuwa picha ya mchoraji Mwingereza Spencer Gore iitwayo Mornington Crescent, jina la mtaa mmoja wa London: miti iliyojengwa kwa mapigo mafupi ya brashi, na nyuma yake nyumba zilizojipinda mfano wa mwezi mwandamo.

Nilikwisha kusoma kwamba Gore alipanga chumba katika nyumba namba 31 ya mtaa huo kuanzia mwaka 1909, na kwamba bustani ilikuwa mbele ya dirisha lake. Nilimpenda kwa sababu hakudharau kilichokuwa karibu naye. Alichora wachezaji wa jukwaani katika ukumbi wa Alhambra, na mwaka 1913 akamchora mkewe Mollie akiwa jikoni mbele ya jiko la gesi, kwa uangalifu uleule ambao wengine waliuweka kwa ajili ya malkia.

Shangazi, ambaye nilikuwa nikikaa kwake, alikubali kufuatana nami. Tulipotoka katika kituo cha treni ya chini ya ardhi sikuona miti niliyoitarajia, bali jengo kubwa jeupe lenye nguzo za rangi kama hekalu la Misri ya kale, na paka wawili weusi, warefu kumpita mtu, wakilinda mlango.

“Shangazi, bustani iko wapi?”

“Bustani ipi, baba? Tangu nihamie huku, hapa pana hawa paka tu.”

Baadaye ndipo nilipojua kwamba kampuni ya sigara ya Carreras ilijenga kiwanda juu ya bustani hiyo kati ya mwaka 1926 na 1928, na kwamba uchungu wa kupotea kwa viwanja vya namna hiyo ulichangia kutungwa kwa sheria ya kuvilinda mwaka 1931. Gore hakuyaona hayo. Alifariki Machi 1914 kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 35, baada ya kuchora nje kwenye baridi ya Richmond.

Tulizunguka nyuma ya jengo hadi namba 31, yenye kibao cha buluu cha kumkumbuka Gore ukutani. Shangazi aliichukua postikadi, akaipa nyumba mgongo, akaiinua mbele ya ukuta wa kiwanda na kuitazama kimya kwa muda mrefu.

“Kumbe palikuwa na miti,” alisema.