Namba zenye sura

Leo nimebaki ofisini baada ya kengele ya mwisho, nikajaza fomu ya takwimu za uandikishaji. Sekondari yetu ni ndogo, ya kijijini, wanafunzi wote hawajazi nusu ya bwalo. Kazi ya robo saa. Imenila jioni nzima, kwa sababu kila nikiandika namba naona sura ya mtu.

Nilianza kukwama kwenye jinsia. UNESCO huhesabu kwamba usawa upo ikiwa kiwango cha uandikishaji cha wasichana, kikigawanywa kwa cha wavulana, kinaangukia kati ya 0.97 na 1.03. Kipimo hicho kinafaa nchi nzima. Shuleni tunagawa vichwa tu, na hapo ndipo kinapogeuka kichekesho. Chukua wavulana 40 na wasichana 40. Dada wawili wakihama na mama yao aliyepata kazi kwingine, jibu ni 0.95, na mtu wa mbali atasoma kwamba wasichana wameachwa nyuma. Vivyo hivyo kwa mdondoko: darasani wakiwa 12, mmoja akiacha, tayari ni zaidi ya asilimia 8.

Kisanduku cha ulemavu nimeandika 1. Fomu haina jina, lakini hapa kijijini nani hatajua ni nani?

Safu ya umri niliipita haraka. Tuna dada mmoja aliyerudi baada ya kujifungua, anakaa na wenzake aliowazidi miaka mitatu. Fomu inamwita "aliyezidi umri". Mimi namwita mwanafunzi asiyechelewa hata siku moja.

Kilichonikosesha raha hakimo kwenye fomu. Watakaoingia kidato cha kwanza miaka mitano ijayo wameshazaliwa, wanasoma shule ya msingi ng'ambo ya uwanja. Juzi niliomba daftari lao: madarasa ya chini yana watoto wachache kuliko ya juu. Sasa, walimu hupangwa kwa idadi ya wanafunzi. Wakipungua, wa kwanza kuondolewa ni yule mwenye vipindi vichache, na kwetu huyo ni wa fizikia. Akiondoka, mzazi anayetaka mwanawe asome sayansi atamhamisha. Idadi inashuka tena, anaondolewa mwingine. Hakuna atakayekuwa amekaa mahali akaamua kuifunga shule; itakuwa imejimaliza yenyewe, mwalimu mmoja mmoja. Nilimgusia mkuu wa shule. Akacheka, akasema tuvuke mwaka huu kwanza.

Mwisho ni safu ya walioacha, na sababu: utoro, ugonjwa, kuhama, kifo, mengineyo. Kuna kijana wa kidato cha tatu anayemuuguza baba yake tangu mwanzo wa muhula. Si mtoro. Mgonjwa si yeye. Jirani yao aliniambia kwamba usiku bado anasoma, madaftari yake yapo kando ya kitanda cha mzee.

Fomu inataka wino. Jina lake kwenye sajili nimeliwekea alama kwa penseli, na kwenye fomu nimemhesabu kuwa yupo.